Mwalimu wa Marais Saba

Hakuwahi kutamka mbele yetu jina la rais yeyote. Kwake walikuwa Wa Kwanza, Wa Pili, Wa Tatu, hivyo hivyo mpaka Wa Saba, na hapo Marekani ilikuwa imekwisha. Alitueleza kwamba namba humsaidia mtu kukumbuka mpangilio, na mpangilio ndio unaoulizwa. Nilimwamini kwa miezi mitatu. Kisha siku moja nilifika mapema nikamkuta akijaribu kulisoma kwa sauti jina la Wa Sita, akidhani yuko peke yake. Alilianza mara nne, na mara zote nne lilimponyoka katikati. Kumbe namba zilikuwa kichaka cha kujifichia. Sababu ya kuishia Wa Saba nayo ilikuwa nyepesi kama hiyo. Kitabu chake kilikuwa cha shule, mpangaji mmoja alikiacha kwenye taka alipohama, na kilikuwa kimechanika kuanzia ukurasa uliofuata.

Tulimwita Mwalimu. Kazi yake ilikuwa ulinzi wa mlangoni katika jengo moja la ghorofa, na sijapata kukutana na mtu aliyefundishwa naye katika shule yoyote yenye madawati. Watanzania tuliamini ni Mkenya. Wakenya waliapa kwamba ni Mganda. Waganda walisema kwa adabu kwamba Kiswahili kingi namna ile hakiwezi kuwa kimetoka kwao. Yeye hakumsaidia mtu kukata shauri. Alisema Wamarekani hawamuulizi mtu alikotoka, wanamuuliza anakokwenda. Ni uongo, wanauliza yote mawili, tena alikotoka wanaanza nako. Lakini alikuwa na namna ya kusema uongo kama huo huku akinyoosha tai yake, na watu wakaandika.

Darasa lilikuwa Ijumaa alasiri, Dubai, mtaa wa Al Muraqqabat, katika chumba cha nyuma cha duka la kusafirisha mizigo. Wanafunzi walikuwa kumi, kumi na mbili, wakikaa juu ya maboksi yaliyokwisha kufungwa kwenda Mombasa, Dar na Kampala. Wote walikuwa wamecheza, au walitaka kucheza, bahati nasibu ya viza ya Marekani. Kwa asiyeijua, habari ni hii: unajaza fomu kwenye mtandao, unasubiri miezi, na jina lako likitoka unaitwa ubalozini kuhojiwa. Ukipita, unakwenda kuishi huko kwa halali. Mwalimu alikuwa akiwaandaa watu kwa hayo mahojiano, na alikuwa na yakini, sijui nani alimpa, kwamba dirishani mtu huulizwa juu ya marais wa mwanzo na jinsi taifa lile lilivyokua.

Hakuna anayeulizwa hayo. Maswali ya namna hiyo huulizwa mtu aliyekwisha kuishi kule miaka mingi na sasa anaomba uraia. Mwalimu alichanganya mlango wa kuingilia na mlango wa mwisho kabisa wa nyumba, akajenga darasa zima juu ya kosa hilo, na kwa miaka yote niliyomjua hakuna aliyemsahihisha, hata mimi.

Mimi ni mtunza ghala Jebel Ali. Shule niliishia darasa la saba, na yaliyobaki nimejisomea mwenyewe, polepole, kwa vitabu vilivyotumika. Kazi yangu ni kufungua boksi na kuona kama kilichomo ndicho kilichoandikwa nje. Niliingia darasani kwake kwa ajili ya dada yangu Nakundwa, aliyekuwa yaya wa familia moja na aliyepewa mapumziko Ijumaa mbili kwa mwezi. Zile Ijumaa ambazo madam wake hakumruhusu, nilihudhuria badala yake na kumwandikia. Basi nilikuwa na madaftari, na mtu mwenye madaftari huanza kukagua.

Mwalimu alisema meno ya bandia ya Wa Kwanza yalikuwa ya mbao. Nikatafuta. Yalikuwa ya pembe na ya meno ya watu wengine, na baadhi ya hao watu, inaelekea, walikuwa watumwa wake. Alisema Wa Pili alimkabidhi Wa Tatu ikulu kwa kumkumbatia. Wa Pili aliondoka mjini alfajiri ya siku ile ile bila kumuaga mtu. Alisema Wa Nne aliwafukuza Waingereza kwa upanga. Wa Nne alikimbia, Waingereza wakaichoma nyumba yake, na kinachokumbukwa na wengi ni picha ambayo mkewe alihakikisha imeokolewa. Nilipomletea haya yameandikwa kwenye karatasi moja, kwa namba, aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, akaikunja, akaitia kwenye faili lake la plastiki.

"Umesoma sana, ndugu yangu," akasema. "Lakini haya hayaulizwi."

Hilo neno ndilo lilikuwa nguzo ya elimu yake. Kulikuwa na mama wa Kiganda aliyezaa mapacha, tukamwita Nalongo kama walivyomwita kwao, mlinzi wa kike katika duka kubwa, mwenye sauti ndogo na maswali makubwa. Siku Mwalimu alipotufundisha kwamba Wa Tatu ndiye aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, Nalongo alinyoosha mkono.

"Lakini ssebo, bwana mkubwa, mimi nauliza tu. Watu weusi walikuwa wapi siku hiyo?"

"Walikuwepo."

"Wapi?"

"Mashambani."

"Mashamba ya nani?"

Mwalimu akatazama saa yake. "Ya watu mbalimbali."

"Na ya huyu wa tatu?"

"Haiulizwi, Nalongo."

"Mimi ndiye nauliza."

Kijana mmoja wa Nairobi tuliyemwita Brayo, aliyekuwa dereva wa kusambaza chakula kwa pikipiki, akacheka mpaka boksi likanesa chini yake. "Mwalimu, jibu mama. Hata mimi nataka kujua huyo buda alikuwa na watu wangapi."

Mwalimu akageuza ukurasa. Alikuwa anajua. Kitabu chake, pamoja na kuchanika, kilisema wazi kwamba mwandishi wa yale maneno alimiliki mamia ya watu. Kilisema pia, kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, kwamba mmoja wao alimzalia watoto ambao hakuwahi kuwaandika kuwa wake. Nimekisoma kitabu hicho mwenyewe. Mwalimu alikuwa ameipitia sehemu ile kwa rula na kalamu ya risasi, akaiwekea alama ndogo ya kuruka.

Lakini kwa ukubwa wa nchi alikuwa na mapenzi ya kweli. Alichora kwenye ubavu wa boksi vipande kumi na vitatu vya pwani, vyembamba, kisha wiki baada ya wiki akaviongezea. Wa Tatu aliinunua nchi nyingine nzima kutoka kwa Wafaransa, akaizidisha yake mara mbili. Hapo Mwalimu alichora kwa kiganja kizima, vumbi la chaki likamwingia kwenye mikono ya shati. Wa Tano aliwaonya wafalme wa Ulaya wasirudi kupanda makoloni katika bara lile. Wa Saba aliwaondoa wenyeji kwenye ardhi yao. Neno lake kwa hili lilikuwa "kusafisha njia." Wa Sita, ambaye baada ya kushindwa urais alirudi bungeni na kuzeeka akipigania haki ya watu kulalamika juu ya utumwa, alipewa sentensi moja tu: aliogelea mtoni kila asubuhi. Kwa Mwalimu, mtu aliyekaa kipindi kimoja hakustahili mbili.

"Na tazameni hapa mlipo," alipenda kusema, akielekeza kidole kwenye ukuta, maana dirisha halikuwepo. "Napo hapakuwa na kitu. Mchanga mtupu. Mtu akashika kalamu."

Mwenye duka, mzee wa asili ya Unguja aliyezaliwa hapa hapa Deira, tuliyemwita Ami, alikuwa upande wa pili wa pazia akipima mzigo wa mtu. Akaingiza kichwa.

"Hapakuwa na kitu? Na babaangu akikaa wapi?"

"Ami, nasema kwa ujumla."

"Kwa ujumla babaangu akikaa palepale lilipo hilo jengo unalolinda. Akiuza kamba. Basi waambie watoto wa watu, palikuwa na kamba."

Akavuta pazia. Mwalimu akasubiri kicheko kiishe, akaendelea na Wa Tano kana kwamba ni mvua tu iliyonyesha.

Nitakuwa mwongo nikisema hakuwa na jema. Hakutoza kitu. Alipiga watu picha za fomu mbele ya shuka jeupe alilolifua na kulipiga pasi mwenyewe, na picha zake hazikukataliwa hata moja, jambo lisilo dogo kwa watu weusi wanaopigwa picha na mashine za madukani. Nalongo alipolazwa hospitali ni yeye aliyebadilisha zamu akaenda kumpelekea uji. Na kuna Ijumaa moja alitusimulia jinsi Wa Pili na Wa Tatu, baada ya uhasama wa miaka, walivyoanza kuandikiana barua uzeeni, na jinsi walivyokufa siku moja, tena siku ya sherehe ya taifa lao. Sauti ilimkatika. Akatoka nje kwa dakika tano. Aliporudi alisema kiyoyozi kimemwingizia vumbi. Kile kisa ni cha kweli, nilikikagua. Huwa nashangaa kwamba katika mambo yote aliyotufundisha, alilolililia ni lile lililokuwa sahihi.

Jambo lake la pili, ukiacha marais, lilikuwa karatasi. Alikuwa na nakala ya kila kitu, na kila nakala ameipigia plastiki. Kanuni yake aliisema mwanzo na mwisho wa kila darasa: "Karatasi zisipishane." Hapo alikuwa akisema kitu ambacho kila mtu chumbani alikijua mwilini mwake. Sote tulikwisha kuona mtu akirudishwa kutoka dirisha moja hadi jingine mchana kutwa kwa sababu pasipoti ina herufi moja ambayo mkataba hauna. Sote tulimwogopa mtu anayeinua macho kutoka kwenye karatasi na kuuliza, wewe ni huyu au yule? Kwa hiyo Mwalimu alipokwisha kusema kanuni yake, alifundisha namna ya kuitimiza. Jaza fomu ya Marekani kwa kunakili karatasi zako za hapa. Jina kama la hapa. Tarehe kama ya hapa. Hali ya ndoa kama ya hapa. Watoto kama walivyo hapa.

Sasa, karatasi za hapa zilijazwa na nani? Zilijazwa na mawakala. Walinzi karibu wote waliandikwa hawajaoa, kwa sababu kampuni ilitaka wanaume wa kulala wanane chumba kimoja bila kuuliza habari za likizo. Nakundwa aliandikwa hana mtoto. Wakala wa Dar alimwambia kwamba madam wengi hawapendi yaya anayewaza wa kwake. Nakundwa alikuwa na Joyce, wakati ule ana miaka minane, yuko Same kwa mama yetu, na mtoto huyo ndiye aliyemleta Dubai. Hakuwa na sababu nyingine.

Fomu yake ya bahati nasibu aliijaza Ijumaa moja kwenye simu ya Brayo, Mwalimu amesimama nyuma yake na faili. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika daftari, nikihakiki orodha ya majimbo kumi na matatu. Mwalimu alisema, "Watoto, sifuri. Kama kwenye mkataba." Nakundwa alibonyeza sifuri. Nami nilikuwa nimeona kwamba jimbo moja Mwalimu ameliweka mahali pasipo pake, nikawa nasubiri nafasi ya kumwambia.

Maelekezo ya fomu yalikuwa kurasa chache za Kiingereza, wazi kwa kila mtu, bure. Nilihakiki marais saba wote. Maelekezo sikuyasoma.

Jina la Nakundwa lilitoka. Katika lile darasa, kwa miaka yote, ndilo jina pekee ninalolijua lililotoka. Brayo alimbeba begani akazunguka naye kati ya maboksi. Ami aligawa kahawa. Mwalimu alisimama pembeni akitabasamu kama mkwe, akasema kazi ndiyo kwanza inaanza, na kuanzia siku hiyo akamfundisha peke yake, nusu saa kabla ya wengine. Nani aliyekataa kipindi cha tatu? Nani aliyeizidisha nchi? Nakundwa alijibu akiwa amefumba macho, kama katekisimu.

Ndipo nikayasoma yale maelekezo, ili kujua ni karatasi zipi tuandae. Nilisoma jioni moja baada ya kazi, kalamu mkononi. Yalisema kwamba watoto wote lazima waandikwe, wanaoishi nawe na wasioishi nawe, wanaokwenda na wasiokwenda, na kwamba kumwacha hata mmoja kunafuta maombi yote. Nilikisoma kile kifungu kwa kamusi, neno kwa neno, nikitafuta mahali pa kutokea. Hapakuwepo.

Ijumaa ile nilimkuta Mwalimu kabla ya darasa. Nakundwa alikuwa pamoja nami. Niliisoma sentensi kwa Kiingereza, nikaitafsiri.

"Mtoto hayumo kwenye mkataba," akasema.

"Hayumo. Lakini yupo."

"Yupo Same. Kwenye karatasi hayupo."

"Mwalimu, watamuuliza."

"Wakimuuliza, hana." Akamgeukia Nakundwa, na sauti yake ikawa ya upole kabisa, na upole ule ndio ninaoshindwa kumsamehe. "Sikiliza, binti. Karatasi yako imeshasema. Usiipinge karatasi yako mwenyewe mbele ya mzungu. Ukishafika, ukakaa vizuri, utamchukua mtoto kama wa dada yako. Wangapi wamefanya."

"Wangapi?" nikauliza.

"Wengi."

"Mtaje mmoja."

"Haiulizwi," akasema, na nadhani hata yeye alisikia jinsi lilivyotoka.

Nakundwa alikuwa anakunja kona ya ule ukurasa niliouchapisha, anaikunjua, anaikunja. Kisha akauliza swali moja: "Nikisema Joyce hana mama, nikafika huko, itachukua muda gani kabla sijamwona?"

Mwalimu akafungua faili lake. Mimi nilikuwa nimesoma. Nikamwambia kwamba aliyeingia kwa kusema hana mtoto hana njia ya halali ya kumleta huyo mtoto. Pengine hataweza kabisa.

"Basi nitafikiri," akasema.

Alifikiri wiki tatu, huku anabembeleza watoto wa watu walale. Madam wake alimpa nusu siku. Tulipanda basi la Abu Dhabi pale Al Ghubaiba, mimi nikabaki nje ya ubalozi na mkoba wake na simu yake, kwa kuwa simu haziingii. Njia nzima hakunieleza atakachosema, nami sikumuuliza. Alichofanya, jambo linalonikera hata sasa nikilikumbuka, ni kurudia wale saba kwa sauti ya chini, Wa Kwanza mpaka Wa Saba, kama mtu anayehesabu ngazi gizani.

Alikaa ndani saa mbili na dakika kumi. Alipotoka alikaa kwenye ukingo wa kivuli karibu nami, akavua viatu.

"Yule wa dirishani hakuniuliza rais hata mmoja, kaka."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilisoma. Juzi juzi tu."

Akanitazama. "Na hukuniambia."

"Nilidhani zile namba zinakutuliza."

Akacheka kidogo, si kwa furaha. "Aliniuliza kazi. Akauliza shule. Kisha akauliza, una watoto? Nikafungua mdomo niseme sina. Lilikuwa limefika hapa." Akagusa koo. "Nikasema ninaye mmoja, anaitwa Joyce. Jina hakuniuliza, nililisema tu."

"Kisha?"

"Akarudi kwenye karatasi. Akasema pole. Alisema kweli, siyo kama wanavyosema. Akanipa hii."

Ilikuwa karatasi moja ya rangi, yenye kifungu cha sheria kilichowekewa alama ya vema. Nikaisoma mara mbili. Ilikuwa sahihi kila neno.

Nilimpelekea Mwalimu habari mwenyewe, kwa sababu sikutaka Nakundwa amwone. Alisikiliza mpaka mwisho, amesimama mlangoni pa jengo lake na sare yake, akiwafungulia wapangaji. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na neno lenyewe si refu. Akasema, "Alikuwa anajibu vizuri sana mazoezini." Kisha: "Amefeli swali jepesi."

Sikurudi darasani. Nakundwa alimaliza mkataba wake akarudi kwetu, akafungua genge la mboga Same, na Joyce akawa na mama wa kumkaripia kila siku, jambo ambalo naambiwa halipendi.

Nilimwona Mwalimu tena baada ya miaka minne. Nilikuwa nimekwenda kwa Ami kupeleka boksi la Same: vitabu vya Joyce, viatu, mashuka mawili, kikaango. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Ami alikuwa amezeeka, anapima mzigo ameketi. Akanipa kalamu nene ya wino niandike jina juu ya boksi. Nyuma ya pazia niliisikia sauti ile ile, ikinyooka kama tai.

"Yuko mpaka leo?" nikauliza.

"Ataondoka aende wapi?" akasema Ami. "Hata huko anakokusomesha hajapata kwenda."

Nilikuwa nimeandika J na O niliposikia Mwalimu akisema, "Na watoto mnaandika wote. Wote. Wa ndani ya ndoa, wa nje, wa mjini, wa kijijini. Karatasi ya hapa ikisema huna, iacheni iseme, hiyo ni ya hapa. Mimi hili nimelifundisha tangu mwanzo." Akakohoa kidogo, kama alivyofanya kabla ya kisa. "Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mwanamke, aliwafahamu marais kuliko nyinyi nyote. Jina lake likatoka. Lakini alikuwa amemficha mtoto. Nilimwonya. Mjinga yule. Akakataa kumsikiliza mwalimu wake, akafutiwa kila kitu."

Watu wakaguna. Mtu mmoja akasema, "Masikini."

Ami aliacha kupima. Alikuwa anajua yote. Akanitazama, akainua kidevu kuelekea kwenye pazia, maana yake nenda.

Nilikwenda. Sentensi yangu nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nimeipanga kwa miaka minne, ilikuwa fupi na haikuwa na tusi. Nilishika pazia nikalisogeza. Mwalimu alikuwa na mvi sasa, na tai ile ile. Aliniona. Nina hakika aliniona, kwa sababu chaki ilisimama. Mbele yake walikuwa watu tisa nisiowajua hata mmoja, juu ya maboksi, wameinamia makaratasi ya kujaribia kabla ya kuingia kwenye mtandao. Walikuwa wanaandika majina. Mlinzi mmoja mwenye sare bado mwilini alihesabu kwa vidole, akaongeza mstari. Mwingine alikuwa anamwuliza jirani yake kama mtoto asiyeishi na mama yake naye anahesabiwa, na jirani akamjibu, "Mwalimu amesema wote."

Nilifikiri itakuwaje nikiisema sentensi yangu. Wangeinua vichwa. Wangejua kwamba mtu huyu ni mwongo, na ni kweli. Kisha baadhi yao, si wote, wangeanza kujiuliza ni lipi jingine la uongo alilowaambia, na wangeangalia tena pale walipoandika watoto.

Mwanamke aliyekaa karibu na pazia akageuka. Alikuwa anatikisa kalamu yake.

"Kaka, samahani, hiyo yako inaandika? Hii yangu imekufa, na bado watoto wawili."

Nikampa. Mwalimu alikuwa bado ananitazama.

"Mzee pale nyuma," akasema, "una swali?"

"Sina," nikasema.

Nilirudi kwa Ami, nikakaa juu ya boksi langu, nikasubiri kalamu.